Omo 'jipya' la meli: Ubunifu au mtumba uliopigwa pasi?

KWA miaka 20 sasa, wauzaji wa meli na boti wamekuwa wakitangaza vyombo vyenye omo la ajabu. Badala ya kuchongoka kwenda mbele, omo limelala kurudi nyuma kama paji la uso wa nyangumi. Mengine yamesimama wima kama shoka, na mengine ni mviringo kama kijiko. Yote hunadiwa kwa neno moja: jipya.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mnunuzi hulipia chombo, halafu akalipia na upya wake. Ndiyo maana ni vyema kuuliza kama maumbo hayo ni mapya kweli, au ni mambo ya zamani yaliyorudi sokoni na jina jingine.

Swali hilo si la wenye meli peke yao. Mbolea, ngano, dizeli na mitumba huingia nchini kwa meli, na kahawa na korosho huondoka kwa meli. Mafuta ni miongoni mwa gharama kubwa za kuendesha meli, na gharama hiyo hatimaye humfikia mkulima na mwenye duka. Kwa mvuvi au msafirishaji mwenye boti moja ziwani au baharini, hesabu hiyo inamgusa mfukoni kila siku.

Kazi ya omo

Chombo kinapotembea, omo husukuma maji pembeni na kuinua wimbi. Wimbi hilo limetengenezwa kwa mafuta ya injini, na kadiri linavyokuwa kubwa ndivyo fedha zinavyozidi kumwagika majini. Bahari ikichafuka inaongezeka gharama ya pili. Omo hupanda juu ya wimbi, kisha huanguka kwa kishindo. Chombo hutetemeka, shehena hutikisika, na nahodha hulazimika kupunguza mwendo.

Karibu kila umbo la omo lililowahi kubuniwa linajaribu kupunguza moja ya gharama hizo mbili, au zote. Linachopata upande mmoja mara nyingi hulilipa upande mwingine.

Kutoka vita hadi visima vya mafuta

Omo lililolala nyuma lilipata umaarufu wa kibiashara kupitia kampuni ya Ulstein ya Norway, ambayo mwaka 2005 ilitangaza umbo iliyoliita X-BOW. Meli ya kwanza ya aina hiyo, Bourbon Orca, ilikabidhiwa mwaka 2006 kwa ajili ya kuhudumia uchimbaji wa mafuta baharini. Tangu wakati huo umbo hilo limetumika katika meli zaidi ya 100, ikiwamo meli ya watalii ya Greg Mortimer iliyoanza kazi mwaka 2019.

Lakini mtu aliyeishi mwaka 1900 asingeshangaa sana kuiona. Manowari nyingi za wakati huo zilikuwa na omo lililotokeza mbele chini ya maji na kurudi nyuma kadiri lilivyopanda. Sababu ilikuwa vita. Katika mapigano ya Lissa ya mwaka 1866, manowari ya Austria iliitoboa na kuizamisha manowari ya Italia kwa kuigonga ubavuni. Baada ya hapo mataifa makubwa yakajenga manowari zenye pembe ya kugongea. Wazo lenyewe lilikuwa kongwe, kwani merikebu za makasia za Wagiriki zilikuwa na pembe za shaba zaidi ya miaka 2,400 iliyopita.

Pembe hizo ziliwatokea puani wenyewe. Mwaka 1893, katika mazoezi karibu na pwani ya Lebanon, manowari ya Uingereza HMS Camperdown iliigonga kwa bahati mbaya HMS Victoria ya jeshi hilo hilo. Victoria ilizama na watu 358 wakafa. Mizinga ilipoanza kupiga kutoka mbali, nafasi ya kumsogelea adui na kumgonga ikatoweka, na sababu ya kuwa na omo la namna ile ikatoweka nayo.

Umbo hilo lilikuwa na kasoro nyingine. Omo la chini, lililolala nyuma, halina mwili wa kutosha wa kuliinua wimbi linapofika. Maji hupanda sitahani. Manowari za Russia zilizojengwa kwa mtindo wa Kifaransa, ambazo ubavu wake pia ulilala kuingia ndani, zilionyesha hatari ya maumbo ya aina hiyo katika mapigano ya Tsushima, Mei 1905. Kati ya manowari nne za aina ya Borodino, tatu zilizama. Mizinga ya Wajapani na uzito uliozidi vilichangia, lakini ubavu wa namna ile ulizinyima nguvu ya kujiinua zilipoanza kulala upande.

Kwa hiyo, je, X-BOW ni manowari ya 1900 iliyopakwa rangi? Jibu la haki ni nusu ndiyo, nusu hapana. Mstari wa omo unafanana. Tofauti ni kwamba omo la Norway ni refu kwenda juu, limefunikwa na kujaa, hivyo wimbi linapopanda hukutana na mwili mpana unaoliinua chombo polepole. Lile la zamani lilikuwa fupi na tupu. Wanorway hawakugundua kulaza omo nyuma. Walichoongeza ni dawa ya ugonjwa uliowafanya wa zamani waliache.

Marekani nayo ilirudi huko huko. Manowari yake ya USS Zumwalt, iliyoingia kazini Oktoba 2016, ina omo lililolala nyuma na ubavu ulioingia ndani, safari hii ili isionekane kirahisi kwenye rada. Zilipangwa manowari 32 za aina hiyo, zikajengwa tatu tu kwa sababu ya gharama.

Nundu iliyopandwa, kisha ikakatwa

Mfano wa pili ni nundu. Meli kubwa za mizigo zinazofika Dar es Salaam au Mombasa zikiwa tupu huonyesha kitu kama yai kubwa kimetokeza mbele, chini ya omo. Nundu hiyo huinua wimbi lake lenyewe, ambalo likikutana na wimbi la omo katika mahali sahihi, mawimbi hayo mawili hupunguzana. Faida inayotajwa kwa meli kubwa ni kupunguza mafuta kwa kati ya asilimia 12 na 15, mradi meli iende kwa mwendo na uzito uliokusudiwa.

Wengi hudhani ni jambo la juzi. Mmarekani David Taylor alilitumia katika manowari ya USS Delaware iliyoingia kazini mwaka 1910. Meli ya abiria ya Kijerumani, Bremen, ilikuwa nalo iliposafiri kwa mara ya kwanza mwaka 1929. Hata hivyo, nundu haikuenea katika meli za mizigo hadi baada ya kazi ya Mjapani Takao Inui, miaka ya 1950 na 1960, iliyoonyesha namna ya kuipima na kuihesabu. Miongo mitano ilipita kati ya wazo na soko.

Kisha likatokea jambo lenye funzo kubwa kwa mfanyabiashara. Julai 2008, pipa la mafuta ghafi lilipita dola 140, na mwaka huo huo uchumi wa dunia ukayumba. Kampuni za meli za makontena zikapunguza mwendo. Meli zilizojengwa kwa maili 24 za baharini kwa saa zikaanza kwenda 18 au chini ya hapo. Nundu zilizopimwa kwa mwendo wa kasi zikageuka mzigo. Katika miaka iliyofuata, kampuni kama Maersk na CMA CGM zikaingiza meli zake chelezoni, zikakata nundu za zamani na kuweka ndogo zaidi zilizopimwa kwa mwendo mpya.

Chuma kilikuwa kile kile na bahari ile ile. Kilichobadilika ni bei ya mafuta. Umbo lililokuwa bora jana likawa hasara leo, bila fundi yeyote kukosea.

Sheria nazo huchonga omo

Omo lililosimama wima lina faida inayoeleweka hata na fundi asiye na kompyuta. Kikomo cha mwendo wa chombo kinachosukuma maji hutegemea urefu wa sehemu iliyomo majini. Boti ya mita 10 ambayo omo lake limelala mbele na kubakiza mita 8 tu majini hufikia kikomo karibu na maili 7 za baharini kwa saa. Omo likisimamishwa hadi mita 9.5 ziwe majini, kikomo hupanda hadi maili 7.5 hivi, bila kuongeza urefu wa boti.

Boti za marubani wa bandari huko Uingereza katika karne ya 19 zilikuwa na omo la wima. Lilipotea katika mashua za mashindano kwa sababu kanuni za mashindano zilipima urefu wa majini chombo kikiwa kimesimama. Wajenzi wakalaza omo na tezi ili mashua ionekane fupi kwenye kipimo, kisha irefuke ikiinamishwa na upepo. Kanuni zilipobadilika, omo la wima likarudi na kuitwa la kisasa. Kampuni ya Damen ya Uholanzi, ikishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Delft, ililiendeleza kuwa refu na jembamba kama shoka kwa boti za kasi, ili lipasue wimbi bila kishindo.

Omo la mviringo nalo limepita njia hiyo hiyo. Mwaka 2011 Mfaransa David Raison alishinda mashindano ya Mini Transat ya kuvuka Atlantiki kwa mashua yenye omo bapa la mviringo, na wengi wakadhani wameona maajabu. Mashua zenye omo bapa zilikuwa zikishindana katika maziwa ya Marekani zaidi ya miaka 100 kabla yake, na nyingine zikibeba magogo huko New Zealand.

Pwani na maziwa yetu

Afrika Mashariki haikuwa nyuma. Jahazi la Lamu linajulikana kwa omo lililosimama wima, wakati jahazi la Unguja lina omo lililolala mbele. Maumbo hayo mawili, ambayo leo hushindanishwa katika matangazo ya Ulaya, yamekaa katika bahari moja kwa vizazi.

Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi na kutoweka mwanzoni mwa karne ya 20, ulikuwa na omo refu lililofananishwa na shingo ya ngamia. Katika Ziwa Victoria, mitumbwi ya kushonwa ya Ssese ilikuwa na mkuku uliotokeza mbele kama mdomo wa ndege, na juu yake nguzo iliyopambwa kwa pembe za swala. Hakuna ushahidi kwamba Ulaya iliiga huko. Panaonekana tu kwamba maji huwafundisha mafundi wengi somo moja.

Mara nyingine upya upo mahali pengine kabisa. Flipflopi, jahazi lililojengwa Lamu kwa plastiki zilizookotwa na kuzinduliwa mwaka 2018, lina umbo la mababu. Mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar. Jipya ni malighafi na namna ya kuifanyia kazi. Umbo halikuguswa kwa kuwa halikuwa na tatizo.

Mnunuzi aulize nini

Historia hiyo inaonyesha kwamba wazo la omo mara nyingi si jipya, lakini sababu ya kulirudisha inaweza kuwa mpya: mafuta yamepanda, kanuni zimebadilika, malighafi imepatikana, au vipimo vimekuwa bora. Muuzaji anayeweza kuitaja sababu hiyo anastahili kusikilizwa. Asiyeweza anauza sura.

Hataza nayo isimtishe mnunuzi wala kumlaghai. Hati hiyo inaweza kulinda mpangilio fulani au sehemu fulani ya umbo, bila kumaanisha kwamba wazo zima halijawahi kuonekana duniani. Jina lililosajiliwa kama alama ya biashara linalinda jina tu.

Kabla ya kulipia omo la ajabu, mwenye boti aulize limepimwa kwa mwendo gani, kwa shehena kiasi gani, na katika maji ya namna gani. Nundu iliyopimwa kwa meli ya mita 300 haina sababu ya kuwapo kwenye boti ya dagaa inayokwenda polepole. Aulize pia wale wa zamani waliliachia nini umbo hilo, na kama kasoro hiyo imetibiwa. Maji kupanda sitahani si tatizo kwenye meli iliyofunikwa, lakini ni msiba kwenye boti ya wazi iliyojaa magunia.

Apige na hesabu ya njia rahisi kwanza. Kwa chombo kinachosukuma maji, nguvu inayohitajika hupanda kwa haraka kuliko mwendo. Kwa makadirio, kupunguza mwendo kwa sehemu moja ya kumi hupunguza mafuta ya safari nzima kwa karibu sehemu moja ya tano. Safari iliyokula lita 50 inaweza kula 40 hivi. Kwa vyombo vya mwendo mdogo, sehemu kubwa ya nguvu huliwa na msuguano wa maji na mwili wa chombo, kwa hiyo kukipandisha pwani, kukwangua magamba na kukipaka deheni au rangi kwa wakati huokoa mafuta bila kununua umbo lolote.

Akishafanya hayo mawili na bado akaona mafuta yanapotea, hapo ndipo pa kukaa na fundi kuzungumzia omo.