Nusu Dozi ni Ghali Kuliko Dozi Kamili

Mkulima wa kahawa wa Nyakatuntu anapoomba vidonge sita dukani kwa kuwa fedha zake zinatosha vidonge sita, hudhani ameokoa kitu. Katika maambukizo sugu ya bakteria kwenye tezi dume, hajaokoa chochote.

Tezi hiyo haipenyeki kwa urahisi. Amoksilini, inayokimbiliwa na wengi, haifiki ndani yake kwa kiasi cha kutosha. Siprofloksasini hufika, lakini hutakiwa miligramu 500 mara mbili kwa siku, majuma 4 hadi 6, yaani vidonge 56 hadi 84. Kotrimoksazoli, vidonge vinne vya miligramu 480 kwa siku, yaweza kuhitaji hata majuma 12, yaani vidonge 336. Kwa hiyo kipimo cha haki si bei ya kidonge kimoja, bali ni gharama ya mgonjwa mmoja aliyepona.

Anayekatiza dozi hupata nafuu ya siku chache, kisha maumivu humrudia. Hapo hulipa dawa upya, nauli upya, na siku za shamba zilizopotea. Vijidudu vilivyozoea dawa navyo havibaki kwake peke yake. Huenea kwa jirani. Ndiyo maana mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliiweka siprofloksasini katika kundi la dawa za kuchungwa.

Tena, si kila maumivu ya nyonga ni bakteria. Miongoni mwa wanaume wenye dalili za ugonjwa huu, wanaokutwa na bakteria hawazidi mmoja kati ya kumi. Waliobaki wakipewa viuavijasumu kwa majuma sita, fedha hiyo imetupwa. Kipimo cha kuotesha mkojo kabla ya matibabu ni akiba, wala si anasa. Kwa kuwa zahanati ya kijiji haina maabara ya namna hiyo, rufaa ya mapema hospitalini, au utaratibu wa kupeleka sampuli, ni jambo la kupangiwa fedha na halmashauri.

Watumishi wa umma wanayo Bima ya Afya tangu mwaka 2001. Wakulima wengi hulipa kutoka mfukoni. Basi mwalimu na mtumishi wana wajibu wa kuwaeleza wazee na vijana bila haya: pima kwanza, kisha maliza dozi. Aibu isiachwe iwe ghali kuliko dawa.