Tisa Desemba Ugenini

Sisi Watanzania tulio Uingereza twaijua Tisa Desemba ya huku: saa kumi jioni giza limeingia, baba yuko zamu. Wengi husogeza sherehe hadi Jumamosi ukumbini, ambako watoto hukimbizana tu na soda. Sisi twaona heri siku yenyewe, mezani, hata kwa wali na maharage. Wasimulie jinsi Luteni Alexander Nyirenda alivyosimika bendera na Mwenge kileleni Kilimanjaro, Tanganyika ilipopata Uhuru 1961.

Mkubwa atauliza, "Kwa nini basi mliondoka?" Usijibu, "Kwa ajili yenu." Huo ni mzigo kwa mtoto. Mwambie kweli: tulifuata kazi, na nyumbani twapakumbuka. Kisha mpigieni bibi simu kabla ya saa kumi na mbili. Kwake itakuwa saa tatu usiku, naye hulala mapema.