Kibanda kina siku saba tu



Kila mwaka, mwezi wa tisa au wa kumi, wakati sisi huku Kolwezi tunangojea mvua za kwanza, Wayahudi popote walipo wanafanya Sikukuu ya Vibanda. Mtu mwenye nyumba nzuri anajenga kibanda uani, anakiezeka kwa matawi, na familia yake inakula humo siku saba. Amri hiyo imo hata katika Biblia zetu, Mambo ya Walawi sura ya 23, na sababu imeandikwa wazi: watoto wajue kwamba babu zao walikaa katika vibanda walipotoka Misri. Makanisani tunaimba sana juu ya kutoka Misri, lakini habari ya vibanda tunaipita haraka. Mimi naona hiyo ndiyo inatuhusu zaidi hapa Lualaba.

Sikukuu hii si ngeni katika Katanga ya zamani. Sinagogi ya Lubumbashi ingali imesimama, na Rabi Moïse Levy aliongoza Wayahudi wa inchi hii tangu 1937 hadi 1991. Wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes. Mababu zao walifika huko baada ya Wayahudi kufukuzwa Hispania mwaka 1492. Halafu, Julai 1944, Wajerumani walikamata ndugu zao waliobaki Rhodes, zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz, na wachache tu walitoka wazima. Watu waliofukuzwa mara nyingi namna hiyo hawakuachia kumbukumbu yao midomo ya wazee peke yake. Waliiwekea tarehe, na mwenye nyumba akaambiwa atoke nje.

Sasa tujiangalie. Mwaka 2017 familia za sehemu moja ya Kasulo ziliondolewa, na mahali pao pakazungushiwa ukuta kwa ajili ya kobalti. Cité Gécamines, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi, unaendelea kuliwa na shimo la shaba. Septemba 2023 shirika la Amnesty International pamoja na IBGDH, shirika la hapa kwetu, walitoa ripoti. Walieleza kwamba wakaaji wengi hawakuulizwa sawasawa, na kwamba pesa waliyopewa haikutosha kupata nyumba kama ile waliyoacha. Wengine sasa wanaishi pembeni ya mji, katika nyumba zisizo na maji ya bomba.

Kuna watu watasema: mgodi unaleta kazi, unaleta barabara, inchi inahitaji shaba. Sikatai. Lakini hata Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka anayehamishwa alipwe na apewe mahali pa kuishi. Kwa hiyo shida yetu haiko katika kuchimba tu. Iko katika namna tunavyomtendea aliyekaa juu ya madini, na hapo sikukuu hii inatufundisha mambo matatu.

La kwanza, kibanda kina mwisho. Waalimu wa zamani wa Wayahudi walisema hivi: mvua ikinyesha mpaka ikaharibu chakula, rudini ndani ya nyumba. Ndiyo sababu kibanda chao kinaweza kuwa furaha, kwa kuwa kuna ndani ya kurudia. Mama aliyehamishwa, mvua ikiingia katika sufuria ya sombe, atarudi wapi? Kumwambia mtu « vumilia kwanza, nyumba itakuja » bila kumpa tarehe ni kumpa kibanda kisicho na siku ya nane. Nyumba mpya isimame kwanza, ndipo ya zamani ibomolewe.

La pili, mezani kuna watu wote. Kumbukumbu la Torati sura ya 16 inahesabu wanaopaswa kufurahi katika sikukuu hii: watoto, watumishi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Hakuna anayeachwa kwa sababu hana shamba lake. Lakini kwetu, wanapokuja kuandika orodha, swali la kwanza ni: mwenye kiwanja ni nani? Mpangaji aliyelipa nyumba miaka kumi, mjane anayekaa kwa shemeji yake, mama anayeuza makala mbele ya mlango: hao pia wanapoteza. Orodha inayowasahau haijakamilika, hata ikiwa na mihuri yote.

La tatu, kumbukumbu ni kazi. Familia nyingi zimetawanyika, kila mmoja na upande wake, na mtoto aliyezaliwa huko mbali hajui baba yake alitoka wapi. Ninyi mliohamishwa, chagueni siku moja kila mwaka, mkutane hata chini ya mwembe. Andikeni majina ya majirani wa zamani, nani alikaa karibu na nani. Tunzeni karatasi za kiwanja na picha za nyumba, mtoe kopi na kuziweka kwa watu wawili watatu. Hiyo itasaidia watoto kujua kwao, na itasaidia pia siku mtakapoitwa mbele ya hakimu au ya tume.

Na sisi ambao nyumba zetu hazijaguswa, tusikae kama watazamaji. Sikukuu hii haikumwambia asiye na nyumba akumbuke shida zake, kwa maana yeye anazijua. Ilimwambia mwenye nyumba. Basi siku hiyo wakikutana, twende tukae nao na tule nao bukari. Halafu tuulize pamoja nao, mbele ya chefu wa mtaa, ya serikali ya jimbo na ya kampuni: kibanda hiki kina siku ngapi?