Uwatu, soya na homoni za mama zetu

Mwezi wa Novemba 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kuliondoa onyo kali lililokuwa likichapishwa kwenye dawa za homoni za wanawake waliokoma hedhi. Wengi huku Pwani habari hiyo iliwapita. Mimi naona inatuhusu, kwani hofu ya dawa hizo imechangia kuinua soko la vidonge na unga wa "kusawazisha homoni" unaotangazwa kwenye WhatsApp kila kukicha.

Hofu ilianza Julai 2002. Utafiti mkubwa wa Marekani ulisitisha sehemu ya wanawake zaidi ya 16,000 waliokuwa wakilinganishwa kwa estrojeni na projestini, kwa kuwa saratani ya matiti ilizidi kwa waliozimeza. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, na anayesumbuliwa na joto la ghafla usiku mara nyingi yuko kwenye 50 hivi. Lakini nani alisubiri ufafanuzi? Watu wakakimbilia mimea.

Na mmea kweli una kitu. Soya ina isoflavoni, kemikali inayofanana na estrojeni kiasi cha kuingia mlango uleule kwenye seli, ingawa nguvu yake ni ndogo mno. Ufuta una lignani. Hata mbaazi zetu za nazi zina isoflavoni kidogo. Tena miili haiipokei sawasawa: bakteria wa matumbo ndio wanaogeuza sehemu ya soya kuwa ekwoli, yenye nguvu zaidi, na wanawake wengi hawana bakteria hao. Ndiyo maana shoga yako atasema joto limempungua, nawe umemaliza kopo zima hujaona kitu.

Uwatu ndio wenye maneno mengi. Bibi zetu wamewanywesha wazazi uji wake ili maziwa yashuke, na sina ugomvi na uji. Ugomvi wangu ni kwa wanaosema diosgenini ya uwatu hugeuka homoni mwilini. Kazi hiyo hufanywa maabara. Mkemia Mmarekani Russell Marker aliifanya kwa viazi vya mwitu vya Mexico miaka ya 1940. Mwili wa binadamu hauwezi. Unachoweza uwatu ni kushusha sukari, kwa hiyo anayemeza dawa za kisukari aangalie, na mjamzito asiunywe kama dawa.

Kinachoniudhi hasa ni hiki. Mwanamke aliyekaa mwaka mzima bila hedhi kisha akaona damu, hata tone, anahitaji kuchunguzwa kizazi, maana saratani ya mji wa mimba mara nyingi hujitokeza hivyo. Akiandikiwa kwenye simu kuwa homoni zimechafuka, anywe kopo miezi mitatu, ugonjwa unapewa miezi mitatu ya bure. Na muuzaji hana hata kipimo alichokiandika kwenye kopo.

Wala Marekani haikufungulia kila kitu: onyo la saratani ya mji wa mimba limebaki kwa estrojeni inayomezwa peke yake. Dawa hizo ni za kuandikiwa na daktari anayejua historia yako. Basi kina mama, mkienda kliniki, lichukueni na kopo lenyewe mkamuonyeshe, na pakiti ya uwatu pia. Msione haya.