Mtafuteni kwenye nyasi, si kwenye mahindi

Kuna makala inayosema Chilo orichalcociliellus, nondo wa nyasi wa pwani ya Kenya na Tanzania, amefukuzwa na mgeni kutoka Asia, Chilo partellus, aliyegunduliwa Malawi miaka ya 1930 na kufika Afrika Mashariki miaka ya 1950. Kwamba mgeni amemzidi kwenye mahindi na mtama, sibishi: viwavi wake hukua upesi, na kiangazi kikiisha huwahi mabua machanga. Lakini kuhesabu bungua (nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua) wa mahindi peke yao, kisha kuchora ramani ya nondo mzima, ni kukuta meza ya samaki tupu ukadai bahari imekauka. Majaribio yameonyesha kwamba mwenyeji anamaliza ukuaji wake ndani ya nyasi pori ambazo mgeni hawezi kukulia.

Atasema mtu kwamba nyasi ni kimbilio tu. Kimbilio? Mahindi yenyewe yalitoka Amerika juzi juzi. Nyasini ndiko kwao. Na anayemwona nondo huyu kuwa mharibifu asiyestahili kuchunguzwa akumbuke kuwa nyigu wa kienyeji wanaotaga ndani ya viwavi wa bungua huishi humo humo nyasini.