Mimbari Isigeuzwe Jukwaa la Kura

Yako mazungumzo ambayo, uchaguzi ukikaribia, hujaa Visiwani kama maji ya bamvua. Mmoja hupanda jukwaani akadai kwamba chama cha mwenzake kimewauza vijana wetu kwa watu wa mapenzi ya jinsia moja. Mwengine hujibu kwamba mchafu ni yule aliyetangulia kusema. Dini huitwa kutoa ushahidi kwa pande zote mbili. Kisha kura huhesabiwa, maji hupwa, na kinachobaki ufukweni ni majina ya watu waliovunjiwa heshima bila ya kufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Sisi tunaona wakati umefika wa kulisema jambo hili bila ya kumung'unya maneno, tukiwaelekea viongozi wa Serikali, makada wenzetu na wananchi wote wa Unguja na Pemba.

Kwanza tuonyeshe tunaposimama. Hatuandiki ili kuwafundisha masheikh dini yao, kwani nasi tulikaa chuoni juu ya mkeka na kusoma msahafu kabla ya kushika kalamu ya skuli. Mafundisho ya Uislamu juu ya tendo hilo yanajulikana, na ya makanisa mengi nchini hayako mbali nayo. Hakuna anayemtaka khatibu ayafiche. Wala hatuandiki kana kwamba nchi haina sheria. Aprili 2004 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mabadiliko ya sheria ya adhabu yaliyogusa mahusiano ya wanaume kwa wanaume na ya wanawake kwa wanawake, na Rais Amani Abeid Karume akayatia saini mwaka huohuo. Anayeiona sheria hiyo kuwa ya haki ana ruhusa ya kuitetea, na anayeiona kuwa ya dhuluma ana ruhusa ileile ya kutaka ifikiriwe upya. Kujadili sheria si kosa, na anayeijadili hastahiki kupachikwa jina baya. Swali letu ni jengine: jambo zito kama hili likishafanywa chambo cha kura, ni nani anayenufaika na ni nani anayeumia?

Maradhi haya si yetu peke yetu. Mwaka uleule wa 2004, tarehe 2 Novemba, Wamarekani walipokuwa wakimchagua Rais wao, wananchi wa majimbo 11 waliulizwa pia kama ndoa za jinsia moja zipigwe marufuku katika katiba za majimbo yao. Wahubiri walihubiri, wanasiasa wakahesabu vichwa, na majimbo yote 11 yakakubali marufuku hiyo. Miaka 11 baadaye, tarehe 26 Juni 2015, Mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba ndoa hizo ni haki katika majimbo yote. Hatuyataji haya ili tuige marufuku ile wala uamuzi ule. Tunayataja kwa sababu yanaonyesha tabia ya siasa popote ilipo: mgombea akikosa la kusema juu ya bei ya unga, hupata la kusema juu ya kitanda cha jirani.

Hapa kwetu pia tumeuona mchezo huo. Septemba 2006 ulipangwa mkusanyiko Mji Mkongwe wa kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwa Freddie Mercury, mwanamuziki aliyezaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara na kufariki London mwaka 1991. Jumuiya ya Uamsho ilipinga, ikisema kwamba sherehe hiyo ingeitia doa Zanzibar, na sherehe ikaahirishwa moja kwa moja. Kupinga kwa maneno ni haki ya raia. Lakini wako wanasiasa waliojifunza somo lisilokusudiwa: kwamba kelele juu ya jambo hili hulipa haraka kuliko kazi ya kuchimba kisima au kujenga darasa.

Somo hilo lilionekana kwa ukubwa wake upande wa pili wa bahari. Mwishoni mwa Oktoba 2018 Ndugu Paul Makonda, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wakati huo, aliwataka wananchi wawataje kwa simu watu wanaowashuku, na akatangaza kamati ya kuwasaka. Ujumbe ulimiminika kwa maelfu. Nani angeweza kupima ukweli wa kila jina? Mwenye deni angeweza kumtaja anayemdai, na mpangaji angeweza kumtaja mwenye nyumba. Tarehe 4 Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ilitamka kwamba yale yalikuwa mawazo ya kiongozi huyo binafsi na si msimamo wa Serikali. Ilifanya vyema kutamka hivyo. Hata hivyo, kwa siku zile chache, wapo raia waliozikimbia nyumba zao kwa hofu, na kauli ya Wizara haikuwarejeshea majina yao.

Wanaofanya hivi kwa jina la dini hawana budi kuulizwa ni dini ipi iliyowapa ruhusa hiyo. Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba Surat Nuur imeweka adhabu ya mijeledi 80 kwa anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi bila ya kuleta mashahidi wanne, na kwamba ushahidi wa msingiziaji huyo haukubaliwi tena. Wanavyuoni wakaieneza hifadhi hiyo kwa wanaume pia. Surat Hujurat imekataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana katika aya moja. Tena inasimuliwa kwamba Khalifa Umar alipanda ukuta wa nyumba ya mtu usiku akamkuta katika maasi. Mtu yule akamjibu kwamba ikiwa yeye ameasi mara moja, Khalifa ameasi mara tatu: amepeleleza, amepita juu ya ukuta badala ya mlango, na ameingia bila ya kutoa salamu. Umar, pamoja na ukali wake wote unaojulikana, alimwacha akaondoka. Ikiwa Amiri wa Waumini aliukubali mpaka wa ukuta wa raia wake, kiongozi wa wilaya au sheha wa leo ameupata wapi uwezo wa kuupita?

Mpaka huohuo umo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977. Ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu, familia yake na maskani yake. Ibara ya 13 inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika kwamba ametenda kosa. Ibara ya 19 inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Nayo Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 haikubali kusajiliwa kwa chama kinachokusudia kuendeleza maslahi ya dini. Waliotunga masharti haya hawakuichukia dini. Waliilinda isichafuliwe na siasa, kwa sababu siasa hubadilika kila baada ya miaka mitano, na aya haibadiliki.

Sisi Wazanzibari tunayo sababu yetu ya ziada ya kuwa waangalifu. Tunajua kinachotokea jirani anapofundishwa kumtazama jirani yake kwa rangi ya chama. Januari 2001 damu ilimwagika Pemba, na ndugu zetu wakavuka kwa mashua kukimbilia Shimoni, Kenya. Ilituchukua miaka ya mazungumzo, na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, kukubaliana juu ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Baada ya gharama hiyo, haifai mtu kuja na chuki ya namna mpya, akaivisha kanzu na kuipandisha jukwaani.

Yako madhara mengine ambayo hayasikiki katika hotuba, nayo ni ya afya. Utafiti uliofanywa Unguja mwaka 2007 ulikuta kwamba kiasi cha wanaume 12 katika kila 100 wanaojamiiana na wanaume wenzao walikuwa na virusi vya Ukimwi, wakati katika jamii ya Zanzibar kwa jumla hakufika hata mtu 1 katika kila 100. Virusi havina chama, wala havisimami mlangoni kuuliza nani ameoa. Mgonjwa anayeogopa kutajwa haendi kupima, na asiyepima huambukiza. Februari 2017 vituo 40 vya Tanzania Bara vilizuiwa kutoa huduma za Ukimwi kwa makundi hayo, kwa hoja kwamba vilikuwa vikihamasisha mapenzi ya jinsia moja. Kwa maoni yetu, daktari anayemtibu mtu hahamasishi tendo lolote. Anatimiza kiapo chake.

Tunajua kwamba baadhi ya wasomaji watatuambia kuwa haya ni maneno ya wafadhili. Oktoba 2011 Waziri Mkuu wa Uingereza, David Cameron, alizitishia nchi zinazowaadhibu watu hawa kwamba zitapunguziwa misaada, na Serikali yetu, kwa kauli ya Waziri Bernard Membe, ilikataa kutishwa. Ilikuwa haki yake kukataa, kwani heshima ya nchi haiuzwi. Lakini kumkinga raia asipigwe, asisingiziwe na asinyimwe dawa si amri ya kutoka London. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya serikali yoyote, na ilikuwa kazi yetu kabla mfadhili wa kwanza hajateremka bandarini.

Kwa hivyo tunawataka viongozi wa mikoa, wilaya na shehia wasikusanye orodha za majina ya watu kwa uvumi; mwenye malalamiko aelekezwe polisi kwa ushahidi, na hukumu ibaki mahakamani. Tunawataka wakuu wa hospitali wahakikishe kwamba siri ya mgonjwa haitoki mlangoni. Tunawaomba masheikh na mapadri wahubiri wanachokiamini, ila wasimwazime mgombea yeyote mimbari yao. Na makada wenzetu tunawaambia wazi: anayeomba kura kwa kumtukana mtu kwa jambo asiloweza kulithibitisha hakisaidii Chama. Akasimame aeleze maji yatafika lini kijijini, zao la karafuu litanunuliwa kwa bei gani, na vijana watapata kazi wapi. Hayo ndiyo wananchi waliyomtuma.