Wembe wa kwanza wa kijana

Mzazi mwenzangu, kijana ameona kwenye simu ule wembe wa kukunja wa vinyozi wa zamani, sasa anautaka. Kama ndevu zenyewe bado vinyweleo, asubiri. Kama zimekomaa, msaidie kuchagua.

Mtafutie wenye bapa la upana wa milimita 16 hivi na ncha ya mviringo. Ile iliyochongoka ndiyo inayochana sikio. Muuzaji ahakikishe umeshanolewa kwa kunyolea, maana kung'aa si makali.

Mkanda wa ngozi wa kuulainishia makali usiwe wa bei kubwa, anayejifunza ataukatakata tu. Wembe huvutwa mgongo ukitangulia, makali yakifuata nyuma. Akifika mwisho augeuze kwa kuuviringisha juu ya mgongo, si juu ya makali.

Ndevu za kipilipili zinyolewe kufuata zinakoelekea, la sivyo vipele vitamjaa shingoni. Na hapa usilegeze kamba: wembe huu hauazimwi, hata kwa kaka yake. Damu kidogo isiyoonekana inatosha kupitisha homa ya ini aina ya B, na kuusuuza kwa maji hakutoshi.